Salamu Kabla ya Msafara

Mwanangu Rehema,

Barua za kwetu huanza na salamu nusu ukurasa: hujambo, mimi sijambo, ng'ombe hawajambo, mvua imetukataa mwaka huu. Mimi naanza bila salamu. Usinune. Ukifika katikati utajua kwa nini, na kama kweli wewe ni mtoto wangu utakuwa umejua kabla ya hapo.

Nakuandikia chumbani, mlango nimeurudisha. Wewe uko barazani. Umetoka Mungaa kumuaga bibi yako, una vumbi mpaka magotini, na nikikuambia ukaoge unasema "baadaye, mama". Kesho alfajiri unapanda basi kwenda kuripoti, na kutoka huko ni ndege, na kutoka kwenye ndege ni msitu. Msitu uleule. Siku ile uliponiletea karatasi ya kupangiwa na nikasoma jina la mahali, niliketi juu ya gunia la alizeti. Ulidhani ni furaha. Ukaruka ukaniambia, "Mama, nafuata nyayo zako!" Nikasema ndiyo mwanangu. Lakini nilitaka kukuzaba kofi.

Sitakuandikia habari za soksi, wala chandarua, wala maji ya kunywa. Una cheo begani, hayo unayajua, na usiyoyajua sajini atakufundisha kwa kukucheka. Nakuandikia kuhusu jambo moja. Nina hofu na Yona, mchumba wako, huyo Mnyiramba aliyekutangulia huko. Na nina hofu na wewe kwa sababu yake. Mdomoni maneno hayatoki, nimejaribu wiki nzima, kila nikifungua kinywa nakuuliza kama umekula.

Kwanza nikueleze kazi yenyewe ya mawasiliano, maana hata wewe uliyeisomea nadhani bado unaijua kwa vitabu. Watu wakisikia mama Rehema alistaafu na ukanali, wanadhani nilishika bunduki nikakimbia porini. Wapi! Mimi maisha yangu yote jeshini nilikuwa nimekaa. Nilikaa kwenye viti vibovu, ndani ya mahema, ndani ya makontena ya chuma yanayochemka kama chungu, nikisikiliza.

Niliingia mawasiliano kwa sababu ya kelele, haki ya Mungu. Siku ya kutupanga, afande alisimama upande wa pili wa uwanja akataka kila kuruta ataje jina lake na kwao. Wenzangu wa mjini wakawa wananong'ona kama wako kanisani. Ilipofika zamu yangu niliita vile nilivyokuwa nikiita ndama kutoka ng'ambo ya korongo kule Mungaa. Afande akaangua kicheko, akasema, "Huyu hata redio haihitaji, mpelekeni mawasiliano." Ndivyo nilivyopata kazi. Wengine walichaguliwa kwa alama za hesabu.

Wakatufundisha kugonga nukta na mistari. Tuligonga mpaka nikawa nasikia herufi kwenye mvua ikipiga bati. Nikawa namjua kila mgongaji kwa mkono wake bila kuambiwa, kama unavyomjua mtu wa nyumbani kwa kikohozi. Nikajua nani amelala vibaya, nani amegombana na mke wake. Nilikuwa hodari, Rehema, siwezi kujificha kwenye unyenyekevu wa uongo. Sikio langu ndilo lililonipandisha vyeo vyote. Kwa sababu hiyo nikaanza kujiona, na mtu akishaanza kujiona hasikii tena vizuri.

Nikiwa luteni kama wewe, walinipeleka kozi Uingereza. Ile baridi sitaki hata kuikumbuka. Mkufunzi wetu alikuwa brigedia mstaafu, mzee mrefu, mikono inamtetemeka akishika kikombe cha chai. Alitumikia mawasiliano ya jeshi lao tangu kijana mpaka nywele zikaisha. Alianza kwa kutandaza nyaya matopeni, akamaliza akiwa na ofisi yenye zulia na watu wa kumfungulia mlango. Wenzangu walitaka hadithi za medali. Yeye alisimulia mambo aliyoyaharibu tu. Kila kipindi, kosa moja. Sisi Waafrika tulikuwa tunatazamana: mzee huyu vipi, mbona anajianika?

Siku moja akasema adui hana haja ya kusoma barua yako, anachohitaji ni kukuona tu unavyokimbilia posta. Mimi nikanyoosha mkono. Mshamba mimi! Nikamwambia kwetu Singida tuna lugha yetu, Kinyaturu, ambayo hata Wanyiramba, majirani zetu tunaooana nao, wakiisikia wanabaki kutoa macho. Darasa zima likacheka. Mzee hakucheka. Akaniuliza, "Na mnaizungumza wakati gani?" Nikamjibu, wakati wowote tukitaka. Akasema, "Andika hilo, luteni. Wakati gani." Sikuliandika. Nilidhani Kiingereza chake kimenipiga chenga.

Sasa twende msituni. Nilikuwa kapteni. Wewe ulikuwa umeanza kusimama dede, nikakuacha Mungaa kwa bibi yako na marehemu baba yako akawa anakuja kukuona akifunga shule. Maziwa yalikuwa bado yananisumbua. Kazi yangu ilikuwa kuendesha chumba cha redio pale kambi kubwa. Magari yetu yalipeleka chakula na dawa kwenye kambi ndogo iliyokuwa ng'ambo ya mto, njia moja tu, miti imefunika mpaka juu. Gari la kwanza kwenye msafara ndilo lililobeba redio, na mtu wa redio alikuwa Koplo Daudi, kijana wa Issuna.

Alivyoingia kwenye kontena mara ya kwanza akasema shikamoo afande, nikasikia lafudhi ya kwetu. Nikamuuliza kwa Kinyaturu wewe mtoto wa nani. Rehema, yule kijana uso ulifunguka! Alikuwa na mwili wa kubeba gunia la vitunguu bila kupumzika, lakini pale alitaka kulia. Kuanzia siku hiyo mbele za watu nilikuwa afande, na tukibaki wawili nilikuwa mama.

Unajua kwetu tulivyo na suala la kuaga. Mtoto hatoki bila kumuaga mkubwa, hata kama anapeleka mbuzi mmoja mnadani atapita jikoni aseme. Na asipoaga, likimpata la kumpata, watu hawasemi ajali. Wanasema hakuaga. Daudi alikuwa na hilo kwenye damu. Gari limewashwa, watu wamepanda, yeye anajaribu redio kwa Kiswahili kama sheria inavyotaka, unanisikiaje, nakusikia vizuri. Halafu anageuza. Kwa Kinyaturu ananiambia, mama, mwanao natoka. Na mimi namjibu nenda mwanangu, urudi unikute. Basi. Maneno mafupi tu. Sajini wangu wa zamu aliwahi kuniuliza, "Afande, mnasema nini hapo?" Nikamwambia, "Salamu tu, sajini, unataka na wewe usalimiwe?"

Sikuona ubaya. Tena nikuambie ukweli, nilikuwa naingoja ile salamu. Mtoto wangu mwenyewe alikuwa anajifunza kutembea kwa kushika kanga ya mtu mwingine, na huku kuna sauti inaniita mama kwa lugha ya nyumbani. Nilikuwa nachana nywele kabla ya zamu ya msafara. Kwa ajili ya redio! Cheka tu, na mimi ningecheka kama ningeweza.

Asubuhi ile mvua ilikuwa nyembamba. Daudi akaaga. Nikamjibu. Akaongeza utani, akasema akirudi atanitafutia maboga kwa wanawake wa kule ng'ambo maana nimekonda. Nikamwambia aangalie njia, aache umbea. Magari yakatoka.

Walikuwa hawajafika mtoni. Redio ikafunguka, nikasikia nusu ya neno, neno la Kiswahili, halafu mkwaruzo. Nikamwita kwa jina la kituo, kama sheria. Kimya. Nikamwita kwa cheo. Kimya. Mwisho nikamwita kwa Kinyaturu, mbele ya sajini na wote waliokuwemo, nikamwita jina lake na jina la kwao. Hapo redio ikafunguka tena. Mtu alikuwa ameibonya upande wa pili. Nilisikia mvua ikigonga bodi la gari. Nilisikia mtu anapumua, anasikiliza, na nilijua kwa pumzi tu kwamba si Daudi. Akanisikiliza nilivyokuwa namwita mwanangu. Halafu akazima.

Hakuna aliyerudi kwenye gari lile la kwanza.

Uchunguzi ulifanyika. Wakasema adui aliyaona magari kutoka mlimani, njia ni moja, hakuna wa kulaumiwa. Na mimi nikakubali, kwa nini nisikubali, nilikuwa nataka kulala usingizi. Mpaka walipomkamata kijana mmoja wa upande ule, ana redio ndogo ya mkononi imefungwa kwa mpira wa baiskeli. Niliitwa nikamsikilize kwa sababu ya ufundi wa ile redio. Kijana mwembamba, ana kikohozi. Hakuwa na chuki yoyote, alijibu kama mtu anayeelekeza njia. Nikamuuliza mlikuwa mnajuaje magari yanatoka, na saa za kutoka tulikuwa tunazibadilisha. Akasema, "Tulikuwa tunangoja mama na mwana wasalimiane, kwa sauti zao tuliwaita hivyo."

Nikamuuliza kama kuna mtu kwao aliyekuwa anaielewa lugha ile. Akanishangaa. "Hapana. Ya nini? Wakisalimiana, magari yanatoka."

Hakujua anaongea na nani. Au labda alijua, sauti yangu si ya kusahaulika.

Nilikwenda kwa mkuu wangu nikamweleza yote. Alikuwa mtu mzuri. Akaniangalia kwa huruma akasema, "Kapteni, hizo zilikuwa salamu tu. Kapumzike." Mwaka ule nikapandishwa kuwa meja. Naomba ulisome tena hilo: nikapandishwa. Wakanishonea cheo kipya begani na watu wakaja kunipongeza, na mimi nikapokea mikono yao.

Nilikuja likizo nikaenda Issuna. Mama yake Daudi alikuwa anapepeta mtama nje. Alinikaribisha, akanipikia ugali na mlenda, hakulia mbele yangu. Tulipomaliza kula akaniuliza kitu kimoja tu. "Aliaga?"

Nikasema, "Aliaga, mama."

Yule mama alishusha pumzi, Rehema, nikaona mabega yake yanalegea. Akanishika mikono miwili akanishukuru. Akasema basi, kama mwanangu aliaga, Mungu amempokea. Na mimi nikaipokea shukrani ile kama nilivyokipokea kile cheo. Ningemwambia nini? Kwamba kuaga ndiko kulikomuua? Mpaka leo sijui kama nilimhurumia yeye au nilijihurumia mwenyewe. Alikufa akiniombea.

Baada ya hapo nikawa mtu mwingine. Nilipopewa kikosi changu nikapiga marufuku kila kitu. Salamu hakuna, utani hakuna, hata kuaga kwa mkono getini niliwakataza. Saa za kutoka nilizibadilisha mpaka wapishi wakachanganyikiwa. Siku nyingine niliwasha magari yote nikayazima, watu wakarudi kulala wakinitukana chinichini. Walisema mama huyu hana moyo. Nilisikia, masikio ninayo. Ila nikuambie, kwenye kikosi changu sikupeleka tena salamu za rambirambi kwa mama yeyote kwa kosa la namna ile.

Lakini niliileta mpaka nyumbani, na hapo ndipo nilipokukosea wewe. Ulipokuwa shule ya bweni wenzako walipigiwa simu kila Jumapili kwa matroni, mama yako anapiga Jumatano wakati wa kipindi cha hesabu, halafu anakaa hata mwezi. Uliwahi kuniuliza ukiwa kidato cha pili, "Mama, kwani wewe siku yangu ni ipi?" Nikakujibu kwa ukali, nikasema mimi sina siku. Nililiona jicho lako. Nilikuwa naogopa, mwanangu, hiyo ndiyo sababu yote. Nilikuwa naogopa kukupenda kwa ratiba. Hakuna adui aliyekuwa anatusikiliza kati ya Singida na shule yenu, kulikuwa na mbuzi tu na watoto wa watu wanaokwenda kisimani. Nilikunyima bure. Nisamehe kwa hilo, na usinijibu, siku ukirudi nisikuone umenisamehe, nitavurugika mbele ya watu.

Sasa tuje kwa Yona.

Yona namkubali. Nilipomtania siku ya posa kwamba Wanyiramba wa Kinyangiri huleta mbuzi wa kukopa, alicheka mpaka akamwaga chai, na mtu anayecheka hivyo mbele ya mama mkwe hana baya. Ni luteni mzuri wa askari wa miguu, anawapenda askari wake. Anakupenda na wewe, ndiyo shida yenyewe. Alikusimulia mwenyewe kwa simu, umeiweka sauti ya nje kama kawaida yako, nilikuwa jikoni nikasikia, kwamba pale kambini mtandao unashika mahali pamoja tu, juu ya kifusi karibu na tangi la maji. Akipanda pale wanawake wanaouza maandazi nje ya uzio wanamjua, wanampigia vigelegele, "Mchumba, mchumba!" Ulicheka mpaka ukajishika mbavu. Mimi mwiko ulinidondoka.

Nikaanza kusikiliza, kazi yangu ya zamani. Sikuhitaji redio, nilikaa jikoni nikisonga ugali. Siku nyingine Yona anakuandikia ujumbe tu, hovyohovyo, saa yoyote. Lakini kuna siku anapiga, jua likizama, na siku hizo sauti yake iko chini kidogo na anamaliza kwa kukutajia jina lako lote. Kesho yake kutwa hapatikani. Jioni yake anapiga tena, anacheka sana, ana njaa. Wiki iliyopita nilikuwa nakusuka, simu ikalia jua linazama, mkaongea, ukakata. Nikakuambia, "Kesho Yona anatoka na magari."

Ukageuka na nywele zako nusu. "Mama! Umejuaje? Hata mimi hajaniambia."

Nikacheka, nikakuvuta kichwa nikaendelea kusuka. Mimi ni mwanamke mstaafu, niko Singida, nina sikio moja linalovuma, na nimejua msafara wa jeshi unatoka lini kwenye nchi ya watu. Sasa wale walio nje ya uzio, wanaomwona akipanda kifusi, je? Wao wana macho. Wanampigia vigelegele.

Jana jua likizama alikupigia. Nilikuona umesimama kwenye kona ya banda la kuku, unachora chora ukutani kwa kidole. Ulipokata ukaenda kuoga. Nikachukua simu yangu nikaenda nyuma ya jiko.

"Shikamoo mama," akasema, amechangamka.

"Marahaba. Uko wapi?"

"Kambini, mama."

"Nimekuuliza umesimama wapi."

"Hapa juu ya kifusi."

"Shuka."

"Nikishuka mama simu itakatika."

"Basi nisikilize haraka." Nikamwambia. Sikumweleza habari za Daudi, hapakuwa na muda, nilimwambia tu asikupigie tena kabla ya kutoka, asikupigie akirudi, asipande pale tena. Nikamwambia amwendee mkuu wake usiku uleule amwambie wabadilishe saa, au siku, au wasitoke kabisa.

"Mama, mimi ni luteni tu. Nitamwambia mkuu kwamba mama mkwe kasema?"

"Mwambie hivyohivyo!"

Akacheka, halafu akaacha kucheka. Nadhani ndipo alipoelewa, maana ni kijana mwenye akili. Akaniuliza polepole, "Na kesho je, mama? Kwa ajili ya kesho nimeshampigia."

Mimi, kanali mzima, nikabaki kumsikiliza anavyopumua. Akasema, "Nitajaribu kuongea na mkuu. Ila naomba usimwambie Rehema, atanipigia yeye." Nikamuahidi. Simu ikakatika. Sijui kama alishuka au salio langu liliisha.

Ndiyo hiyo hofu yangu. Na kuna nyingine nyuma yake. Siku si nyingi utakalia kile kiti, Rehema, wewe mwenyewe. Utavaa vile vidude masikioni, na Yona atakuwa kwenye gari. Atataka kukuaga. Hatasema mengi, atakohoa tu kwa namna yake, au atataja jina la kituo akilivuta kidogo mwishoni, ili ujue ni yeye na ujue anakupenda. Na wewe utataka kumjibu. Nakujua, utataka mpaka mikono itauma. Mimi sitakuambia ufanye nini. Niliwaamuru watu wengi na sijui kama nilikuwa sahihi hata nilipokuwa sahihi. Nakuambia tu kwamba kuna mtu mahali fulani ana redio imefungwa kwa mpira wa baiskeli, hajui Kiswahili chako kizuri wala Kinyaturu chako kibovu, na hana haja navyo.

Ukimkatalia salamu, ataumia. Atakuona umekuwa mgumu kama mama yako. Uvumilie akuone hivyo. Halafu mkishakuwa wote mko hai, nyumbani, mezani, mpe zote. Usifanye kama mimi, niliyeendelea kuzificha hata vita vilipokuwa vimeisha.

Nimekaa hapa naandika na jua limeshuka. Upepo umeanza, unasikia bati la banda linavyogonga. Leo asubuhi msafara ulikuwa utoke. Siku zote, jioni ya msafara, saa kama hii simu yako huwa imeshalia na yeye anakusimulia ana njaa. Leo haijalia. Nakuona kupitia dirisha. Simu iko mapajani, umeishika kwa mikono miwili, kila baada ya muda kidogo unaiwasha uone kioo, halafu unaizima. Hujaoga kwa sababu hiyo, unadhani sijui.

Labda amenitii. Labda yuko pale chini ya tangi, amekaa na sufuria ya ugali, ana hamu ya kupanda kifusi na amejizuia kwa sababu mama mkwe kamkataza. Nataka sana iwe hivyo. Lakini kimya hiki nimekisikiliza tangu uliporudi, kwa sikio langu zima, na siwezi kujua ni cha aina gani. Utakaposoma hapa, huko njiani, utakuwa umeshajua. Mimi hapa sijui.

Nimefikiria nitoke nikuambie kwamba ni mimi niliyemkataza. Ungeshusha pumzi, ungeoga, ungekula, tungelala. Halafu kama kimya hiki si changu? Nimeshampa mama mmoja faraja ya namna hiyo, kule Issuna, na nikala chakula chake. Sitakupa wewe.

Umeinuka. Umekuja dirishani umeniuliza, "Mama, kwani kwako mtandao upo?"

Nimeangalia simu yangu. Nimekujibu, "Upo, mwanangu. Umejaa."

Mama yako